Watu Sita na Gogo Moja

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa kibuyu. Chelangat alimwambia mumewe, Mwalimu Isaiah, asifungue mursik, maziwa ya kugandishwa, mpaka Jumapili, naye Isaiah akaenda zake shuleni kufundisha fizikia. Mchana huo, katika mvua za El Niño, mkaratusi ulianguka ukaziba njia ya Kedowa. Pikapu iliyombeba Chelangat kwenda hospitali, mimba ikiharibika na damu ikimtoka, ilisimama mbele ya gogo kwa muda wa saa mbili. Akafia humo. Wiki tatu baadaye Isaiah alifika kijiweni, kwenye benchi la kibanda cha chai, akawakuta watatu kati ya wale sita waliojaribu kulisogeza gogo siku ile: Weldon aitwaye Injinia, Omariba aitwaye Trekta, na mzee Johana.

— Karibu chai, Mwalimu, alisema Johana. Pole tena. Dereva alitusukuma sana siku ile, na haraka haraka haina baraka.

Isaiah hakuketi.

— Mlitumia nini?

— Mti mrefu, futi kumi na mbili, na jiwe chini yake, alisema Injinia. Wenzo, Mwalimu! Si ndio mnafundisha?

— Jiwe mliliweka wapi?

— Hapa karibu na sisi, ndio tuikanyage isiteleze.

— Umoja ni nguvu, alidakia Trekta. Watu sita kwa ile ncha fupi, tumebanana kama kuni!

— Jiwe hukaa karibu na gogo, ncha ndefu ikabaki kwenu. Mtoto wa darasa la saba anajua.

— Hiyo ni wenzo ile ya makasi, jiwe katikati, alisema Injinia. Mimi nilitaka ile ya wilbaro ya kubebea mchanga, mzigo katikati.

— Wilbaro gani, wewe! Ile ya koleo ya makaa ndio kali, alisema Trekta. Ukishika katikati, nguvu inaenda pande mbili.

— Nyinyi wote watoto, alisema Johana. Mti ya mvua inakunywa maji. Ukiigusa, inaongeza uzito. Hata treni ya Kipkelion haingeivuta.

— Ile ya koleo hupoteza nguvu! Sauti ya Isaiah ilipanda. Ya makasi ingetosha. Ya wilbaro ingetosha. Aina mbili kati ya tatu zingemwokoa mke wangu, nyinyi mkaweka jiwe miguuni penu!

Nyambeki, mwuza ndizi aliyekuwa ndio kwanza anatua kikapu, aliwatazama mmoja mmoja.

— Wazee, samahani. Hiyo gogo nimeiruka saa hii nikikuja. Matawi mmekata kuni, yote. Mbona yenyewe bado iko barabarani?

Injinia alimtazama Trekta. Trekta alichungulia kikombe. Johana aliinua birika, lilikuwa tupu.

Kesho yake, kulipopambazuka, Isaiah aliweka jiwe shibiri moja kutoka kwenye gogo, akaulalia ule mti wa futi kumi na mbili kwa uzito wake wote. Gogo likainuka kidogo. Akalitia kabari, akasogeza jiwe, akaulalia tena. Lilipobingirika mtaroni, alitazama saa yake.

Dakika arobaini na moja. Mtu mmoja.