Diwani Aliyeomba Mikono Ihesabiwe

Ndugu, jamaa na marafiki, familia imeniomba mimi, mume wa marehemu, niwasomee maisha yake, na binti yetu amesimama kando yangu akiyafasiri kwa lugha ya alama kwa ajili ya viziwi, wenzake wa marehemu, walioketi upande wa kulia, kwa hiyo tafadhali msisimame mbele yao.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkulima wa mboga, akasikia kama sisi hadi umri wa miaka minne, alipougua homa ya uti wa mgongo, akapona yeye, masikio hayakupona. Mwaka 1974 alipelekwa shule ya bweni ya viziwi, ambako darasani walichapwa kwa kuzungumza kwa mikono, na jioni bwenini wakubwa wakawafundisha wadogo lugha yenyewe, ndiyo maana alipenda kusema kwamba elimu yake aliipata baada ya kengele, kengele ambayo hakuwahi kuisikia.

Januari 1985 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, chumba cha kujalidi vitabu, ambako kelele za mashine ziliwachosha wenzake na yeye zikamwacha na amani yake. Huko ndiko nilikompata mwaka 1991, nilipopeleka tasnifu yangu ijalidiwe, nikamshukuru kwa kupaza sauti kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto, akacheka hadi akaweka brashi ya gundi chini, na wiki iliyofuata nikarudi na kitabu kisichohitaji jalada. Tulifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1992, tukajaliwa binti huyu na mdogo wake wa kiume, ambao wote waliomba maziwa kwa vidole kabla hawajajua kuyaomba kwa mdomo.

Binti alizaliwa tarehe 3 Juni 1994. Mimi nilizuiwa mlangoni mwa wodi, ndani wauguzi walivaa barakoa, hapakuwa na mdomo wa kusoma wala mkono wa kumweleza, akajifungua bila kujua lini anaambiwa asukume na lini anaambiwa angoje. Mtoto alitoka salama, mama yake akatoka na hoja, kwamba hospitali iwe na mkalimani.

Mwaka 2010 alichaguliwa kuwa diwani, katika kiti kilichotengwa kwa watu wenye ulemavu, na kwa kuwa baraza halikuwa na fungu la mkalimani, niliketi pembeni yake nikimfasiria, hata diwani mmoja akatania kwamba mheshimiwa kaja na redio yake, jina ambalo mke wangu alilipenda kuliko nilivyolipenda mimi, na nyumbani nilipozidisha maneno alizungusha vidole hewani, Redio, zima. Barazani kura zilipigwa kwa sauti, wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, mwenyekiti akasikiliza upande upi umevuma, na mimi sikuruhusiwa kuitoa ndiyo yake kwa kuwa sikuwa diwani, hivyo alikuwa na kiti bila kura. Kila mara aliinua mkono, ukaachwa hewani, hadi tarehe 9 Agosti 2012, baraza lilipokubali ombi lake kwamba mikono ihesabiwe, uamuzi ambao wenyewe ulipitishwa kwa sauti. Siku hiyo hiyo akaleta hoja ya mkalimani wa hospitali, mikono ikahesabiwa, ukaonekana mkono wake peke yake. Njiani kurudi nyumbani aliniambia, zamani sikuhesabiwa, leo nimehesabiwa, kumbe ni mmoja. Aliirudisha hoja kila bajeti hadi muda wake ulipokwisha mwaka 2020, na katika kikao chake cha mwisho mkono wa pili uliinuka, wa diwani yule yule aliyeniita redio.

Februari 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Daktari alinigeukia mimi, akasema nimwambie mama kwamba dawa ya kuponya haipo, nami niliyefasiri bajeti na kejeli bila kutetereka nilishindwa na sentensi hiyo, mikono ikagoma katikati, akaishika, akayasoma yaliyobaki usoni mwangu, kisha akanifariji. Hoja yake niliifasiri miaka yote nikidhani naielewa, lakini siku ile ndipo nilipoielewa, kwamba kazi ile mume hapaswi kupewa. Alifariki asubuhi ya tarehe 21 Septemba 2023, mkono wake ukiwa ndani ya wangu.

Tunawashukuru madaktari, na muuguzi wa wodi aliyejifunza kumwambia kwa vidole maji, maumivu na niko hapa, tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa kiwandani, na majirani mliozoea kuwasha na kuzima taa ya mlangoni badala ya kubisha hodi. Waheshimiwa madiwani, asanteni kwa kufika, hatuwaombi hotuba, hoja yake bado haijapita, na mwenzenu aliyeinua mkono wa pili sasa amebaki peke yake.

Redio inazima hapa, naiweka karatasi chini, maana maneno yaliyobaki yanahitaji mikono yote miwili. Mke wangu, pumzika kwa amani.