Pampu ya Uweso

Mwaka wa themanini na sita, teksi nyeupe ya Uweso ilitimiza miezi kumi na minne bila kusogea, Barabara ya Saba, mbele ya duka la spea la Mustansir. Duka lenyewe lilikuwa limebaki na rafu, kalenda na Mustansir mwenyewe. Kijiwe kilimwita Hakuna, kwa kuwa ndilo jibu alilompa kila mteja tangu uhaba uanze. Barazani kwake, baada ya alasiri, walikaa watu walewale na kahawa yao chungu: Haji Redio, aliyejua habari za dunia kabla hazijatokea, na Mselem Injinia, aliyewahi kulinda geti la kiwanda cha mkonge. Na Uweso, dereva wa teksi isiyokwenda, ambaye sasa mkewe Asmahani ndiye aliyelisha nyumba kwa vitumbua. Siku hiyo Uweso alikuja mbio, kifurushi kwapani.

– Imefika!

Hakukuwa na haja ya kuuliza nini. Miezi mitano kijiwe kizima kilikuwa kikiisubiri pampu hiyo ya maji. Serikali ilikuwa imelegeza masharti ya uagizaji: mwenye fedha za kigeni aagize atakacho. Hafsa, dada yake Uweso aliyeolewa Maskati, alimtumia kitabu cha bidhaa cha duka moja la Uingereza liuzalo spea na mapambo ya gari kwa posta. Uweso akachagua, Hafsa akalipa. Kitabu kile kilisomwa barazani hadi kurasa zikalegea. Haji alikuwa ameshajichagulia honi ya tarumbeta tatu, na hana hata baiskeli.

Uweso alikata kamba kwa meno. Ndani mlikuwa na kitambaa cheusi kinene, waya mrefu na barua.

– Pampu gani hii laini? aliuliza Haji.

– Ndizo za kisasa, alisema Mselem. Chuma kimepitwa na wakati.

Mustansir alivaa miwani, akaisoma barua na kuitafsiri polepole:

– "Mteja wetu mpendwa. Pampu ya gari lako imetuishia. Ili usikose kabisa, tumekutumia kitu cha bei ileile: kitambaa cha umeme cha kupasha joto kiti cha dereva. Tunakutakia majira mema ya baridi."

Jasho lilikuwa likimtiririka Uweso hadi kiunoni.

– Kunipasha joto miye? Tanga hii?

– Usidharau, alisema Mselem. Gari linachemka kwa nini? Kwa sababu joto lote liko mbele. Ukilipatia pa kwenda, huko nyuma kitini, injini inapoa.

– Na dereva je?

– Dereva atavumilia. Nchi nzima tunavumilia.

– Weye hujui siasa, aliingilia Haji. Hilo ni sharti la wakopeshaji. Joto limewajaa maghalani, ukitaka mkopo sharti ununue. Nimelisikia redioni, saa kumi na mbili kasoro, kabla ya taarifa.

– Kabla ya taarifa ni muziki tu, alisema Mustansir.

– Ndiyo. Walisema katikati ya muziki.

– Acha fiksi! Mselem akasimama kabisa. Wale hawakosei. Wamepima hali ya hewa, wameona barafu inakuja. Mtaona watu wakiteleza ufukweni Raskazone, na atakayeendesha kwa raha ni Uweso peke yake!

– Niachie mimi nikiweke dirishani, alisema Mustansir kwa sauti ya chini, akikipapasa kile kitambaa. Angalau siku moja nimjibu mtu kwamba kipo.

Uweso hakucheka. Alfajiri ile alikuwa amemwambia Asmahani apunguze mchele wa vitumbua wa kuloweka, kwani Jumatatu yeye anarudi barabarani. Jioni atamwambia nini?

Hapo akatokea kijana mmoja, dumu mkononi: Fanueli, dereva wa lori la machungwa kutoka Maramba.

– Shikamooni, wazee. Naomba maji ya rejeta.

– Marahaba. Yapo ndani, alisema Mustansir.

Alichota, akasikiliza kidogo habari za barafu, kisha akaitazama teksi.

– Ina nini?

– Pampu ya maji imekufa, walijibu wote kwa pamoja.

– Nani aliifungua akaiona?

Mselem alimtazama Haji. Haji akatazama kikombe chake. Mustansir akaanza kufuta miwani. Uweso aliikumbuka siku ile: mvuke unafuka, analisukuma gari hadi hapa, na kabla hajavuta breki ya mkono sauti ikatoka barazani, "Pampu hiyo!" Alishukuru, akakaa, akanunua kahawa. Boneti haikuguswa tena.

– Miye nilisema kutoka hapa nilipokaa, alinong'ona Mselem.

Uweso aliinuka. Boneti iligoma kwa kutu. Akaikandamiza kwa goti mpaka ikaachia. Fanueli aliuondoa mkanda, akaizungusha pampu kwa vidole viwili. Ikazunguka vizuri. Kisha akavuta mpira wa chini wa rejeta, umechanika urefu wa kidole.

– Ni mpira tu. Ninao wa akiba kwenye lori, tutaukata utoshe.

Uweso aliingiza kidole kwenye mpasuko. Miezi kumi na minne ya vitumbua. Nyuma yake baraza lilikuwa limeshachangamka upya.

– Nilijua tangu mwanzo ni mpira, alisema Haji.

Uweso hakugeuka. Alikunja mikono ya shati, akamwuliza Fanueli bisibisi iko wapi.