Mthamini wa Hisa Aliyehesabu Sahani

Mume, baba na babu yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bwana Sahani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa tatu wa fundi saa, akaanza darasa la kwanza mwaka 1955, na mwalimu wake alizoea kulalamika, huyu hajibu hesabu mpaka aende akaione kwa macho.

Mwaka 1971 aliajiriwa kwenye ofisi ya kuthamini hisa, na tarehe 2 Aprili 1979 akatumwa kwenye kampuni ndogo ya kuchimba urani na vanadi, ile vanadi inayotiwa kwenye chuma kiwe kigumu, ambako wafanyakazi walikuwa wamepewa hisa badala ya mishahara ya miezi mitano, na sasa mnunuzi alizitaka kwa bei ya kutupa kabla ya Ijumaa, akidai bei ya urani imeshuka, mgodi umekufa.

Marehemu aliyaacha makaratasi mezani, akaingia jikoni, akamuuliza mpishi, dada, mchana unapakua sahani ngapi, na mpishi, aliyeficha hisa zake thelathini kwenye kopo la chumvi, akamjibu, kaka, mwezi jana sitini, leo tisini, hao walioongezeka wote ni wachimbaji wapya wa shimo la vanadi, wewe umeona wapi maiti ikiomba nyongeza?

Alilipima shimo lile siku mbili, akaandika thamani mara nne ya ile ya mnunuzi, mkuu wake akafoka kwenye simu, yaani umethamini mgodi kwa sahani, naye Ijumaa akasimama mlangoni pa bwalo akasema, jamani, msiuze, wakamzomea, wakamwita tapeli mwenye tai, mpaka mpishi alipofunga kopo lake la hisa mbele yao wote, ndipo wakarudi mmoja mmoja bila kuuza, na wengi mliokaa hapa leo mnalala kwenye nyumba zilizojengwa na hisa zile.

Tarehe 8 Desemba 1979 alimuoa mpishi huyo, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu kumi na mmoja, na kila mwaka siku hiyo mkewe alimuuliza, baba watoto, mimi thamani yangu imefika wapi, naye akajibu, subiri, bado napima.

Januari 2023 figo zilianza kumsumbua, akalazwa, na Jumanne tarehe 9 Mei, saa nne asubuhi, mkewe alimuuliza tena, naye akacheka kidogo, akasema, wewe sikuuzi, akafumba macho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliobeba viti, wenzake wa ofisini, na wachimbaji mliokuja na sahani zenu mkononi.

Pumzika kwa amani, Bwana Sahani, nasi wewe hatukuuzi.