Mama Nakala na Jina Lililofafanuliwa Mara Mbili

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mama Nakala anakabidhi funguo za meza yake baada ya miaka thelathini na mmoja katika Idara ya Mifumo. Wajukuu zake walioketi mstari wa mbele huenda hawajui jina hilo lilitoka wapi. Naomba niwaeleze.

Aliajiriwa kama mpiga chapa, zama za karatasi ya kaboni, ambapo barua haikutoka ofisini bila pacha wake kubaki kwenye jalada. Alipoanza kuandika programu za wavuti, alihama na desturi hiyo: kabla ya kugusa faili, alitoa nakala na kuiacha katika folda ileile. Sote tukamwiga. Ndipo kompaila, mtambo unaogeuza maandishi yetu kuwa programu, ilipoanza kugoma. Tulibadilisha jina la faili tu. Ndani, jina la darasa, yaani la kipande cha programu kinachoeleza kitu kimoja, lilibaki lilelile. Kompaila haijui kuchagua kati ya wawili wanaofanana. Huandika tu kwamba jina hili limekwisha kufafanuliwa, kisha husimama.

Aliyetuambukiza ugonjwa ndiye aliyekuwa mganga wake. Alitufundisha kulisaka jina katika folda zote, kuhamishia nakala nje ya mradi, kufuta mabaki ya programu ya zamani na kujenga upya. "Ukiambiwa wako wawili, usibishane," alituambia. "Nenda kawatafute."

Katika mwaka wake wa ishirini na mbili, mfumo wa miadi wa kliniki ya wajawazito ulisimama. Darasa liitwalo Mgonjwa lilikuwa limefafanuliwa mara mbili. Jumatatu aliipata nakala, akaifuta. Jumanne ikarudi. Jumatano ikarudi tena, na chini yake ilikuwa na herufi za jina la Mama Nakala na nukta mbili baada ya tarehe, mtindo ambao hakuna mwingine aliyekuwa nao. Kina mama walijipanga ukutani, kadi mkononi, na karani hakuweza kumsajili hata mmoja. Sisi nasi tukaanza kumtazama kwa jicho la pembeni.

"Jamani, mimi jana nimetoka saa kumi," alisema, na mlinzi akakubali.

Alhamisi aliifuata hadi stoo. Kompyuta yake ya kwanza ilikuwa ikinguruma chini ya turubai, ikitekeleza agizo aliloipa mwenyewe miaka kumi nyuma na kulisahau: kila alfajiri, toa nakala. Akaizima. Kabla ya adhuhuri kina mama wote walikuwa wamesajiliwa.

Lakini nakala ya Alhamisi hiyo haikuwa nakala. Ilikuwa na mstari mmoja zaidi, unaorekebisha hesabu ya wiki za ujauzito. Mama Nakala aliniambia kwamba marekebisho hayo aliyafikiria asubuhi ileile, akitembea kuja kazini, na hakuwa amemwambia mtu. Tuliusoma mstari ule mara tatu. Ulikuwa sahihi, kwa hiyo akautumia. Kliniki inautumia hadi leo.

Tangu hapo alituapia kwamba hataondoka humu akiacha jina lenye wenyewe wawili. Jumatatu iliyopita msimamizi wa akaunti alitaka kuliondoa jina lake kwenye mfumo. Mfumo ukamjibu kwamba wapo wawili, ukamwuliza amfute yupi. Akaunti zililingana hadi tarehe ya kuajiriwa. Akaitwa mwenyewe. Alizitazama kitambo, akavua miwani.

"Wangu mimi wananisubiri nyumbani," alisema. "Mwacheni huyu. Hana wajukuu."

Basi tukaifuta moja. Stoo imefungwa kwa kufuli, na turubai halijaguswa.

Dada yetu, ahsante kwa kila asubuhi uliyotusafishia. Nenda ukawalee wajukuu, na maisha yawe mema kwako wewe unayeondoka. Na wewe unayebaki, tunakuomba jambo moja tu: kila mgonjwa, jina lake moja.