Mimba Niliyoisingizia

Mama zangu na dada zangu, mke wa mchungaji ndiye aliyenisukuma nisimame nitoe ushuhuda. Mnanijua: nauza supu ya matumbo pale Busia, karibu na kizuizi cha mpaka, kwa vibarua wa kiwanda cha pamba.

Nilikaa kwenye ndoa miaka sita bila mtoto. Mwaka wa saba tumbo likaanza kutokeza. Mama mkwe wangu akavuka kutoka upande wa Kenya na kuku wawili, akaimba uani mpaka majirani wakaja. Mwezi wa sita akaniwekea mkono tumboni. "Anacheza?" Nikajibu, "Anacheza, mama."

Nawaambia mbele za Mungu, hakuwahi kucheza. Nilidanganya kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa furaha, na safari hii furaha yenyewe ilikuwa kwa ajili yangu.

Mwezi wa tisa ukapita, wa kumi, wa kumi na mbili. Majirani wakasema mtoto amefungwa kwa uchawi. Nikanyweshwa dawa za kila namna. Tumbo likazidi kukua, mashavu yakabonyea. Nikila matonge matatu nimeshiba. Nikilala chali, pumzi inakata.

Basi nikadandia lori la pamba peke yangu mpaka hospitali ya Tororo. Daktari Mzungu akanipima, akamwachia dresa, mfunga vidonda wake, mzee mmoja mwenye kujua lugha yetu, anieleze.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Nauza matumbo."

Akacheka. "Basi hapa hatutapata taabu. Ini liko wapi?" Nikagusa kulia, chini ya mbavu. "Bandama?" Kushoto. "Figo?" Nyuma, huku na huku ya mgongo. "Vizuri. Sasa huku chini kabisa, nyuma ya kibofu, una mji wa mimba, mdogo kama ngumi. Pembeni yake kuna vifuko viwili vya mayai. Kimoja kimejaa maji, ndicho kinachosukuma utumbo juu. Hakuna mtoto, mama. Lazima kitolewe."

Nikaomba kwenda chooni, nikatoroka. Ndiyo, chekeni. Mimi niliyezoea kuchuna mbuzi, nilikimbia kisu.

Nyumbani sikumwambia mtu. Asubuhi moja nikaanguka jikoni, mume wangu akaniinua. Akauliza, "Nimwite mkunga?"

Nikasema, "Usimwite. Hakuna mtoto. Hajacheza hata siku moja. Nilimdanganya mama."

Akakaa chini. Kisha akatoa baiskeli nje, akafunga gunia kwenye keria. "Panda. Mama nitamwambia mimi."

Wakanipasua kule Tororo. Maji ya kifuko kile yalijaza ndoo. Siku ya tatu mama mkwe akaingia wodini. Nikasubiri matusi. Akachota maji, akaniosha miguu, polepole, kidole kwa kidole. Ndipo akasema, "Ungeniambia, mwanangu. Ningelia, halafu ningekuleta mwenyewe."

Mtoto sijapata mpaka leo. Nasema wazi, asije mtu akangoja mwisho mwingine. Lakini niko hai, na nakula nikashiba. Namshukuru Mungu, namshukuru mume wangu, mama yule, daktari, na dresa aliyenieleza kama mtu mwenye akili.

Dada zangu, tumbo halijui aibu. Ukilificha, linaendelea na kazi yake. Jumatatu nakwenda Tororo. Mwenye uvimbe au maumivu asiyoyasema, aje tuongozane. Nitamshika mkono mpaka daktari amalize kuongea.