Neno la Rafiki wa Marehemu

Nyuma ya stendi ya Buzuruga, jijini Mwanza, kuna benchi mbili za mbao na birika la kahawa la Bilali, na asubuhi hiyo palikuwa na msiba wa kujadili. Mihayo amefariki. Mihayo yule aliyebuni jiko la mkaa linalouzwa toka Nyamagana mpaka visiwa vya ziwani, akafungua kiwanda, akawa tajiri. Enzi za shida zake kila jiko jipya alilileta hapa kwanza. "Shikeni, litukaneni," alikuwa akisema. Wakiutukana mpini kwamba unaunguza, anaondoka na kurudi na mpini mwingine. Aliyetukana kuliko wote ni Ndalahwa, fundi baiskeli, ambaye wenzake humwita Hakimu, na Mihayo alimpendea hilo. Leo Hakimu alikaa pembeni, kahawa ikipoa mkononi mwake.

— Kesho wanavuka daraja la Busisi, wakamzike kwao Sengerema, alisema Bilali.

— Mtu anatajirikaje kwa jiko? aliuliza Pius, aitwaye Redio kwa wingi wa habari. Jiko, jamani! Ndiyo maana wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini.

— Methali hiyo inamsifu, Redio, alisema Bilali.

— Inamsema! Yeye alichumia kivulini, jua kalionea wapi? Mie naambiwa kwenye chumba cha nyuma pale kiwandani kulikuwa na chatu wa ziwani. Anakula dagaa, anatapika noti.

— Dagaa wa Mwanza au wa Kigoma? aliuliza Bilali.

— Wa Mwanza. Wa Kigoma kwa bei ile, hata chatu hamudu.

Bilali alicheka. Ndalahwa hakucheka.

— Halafu kuna suala la nyota, aliendelea Redio. Hakimu, si wewe uliyetufumbua macho? Ukishika jiko lake, nyota yako inabaki kwenye mpini.

Ni kweli Ndalahwa aliyasema. Miaka mitatu iliyopita, kwa utani na kijicho kidogo, siku Mihayo alipofika hapo na gari jipya. Utani ukatembea mji mzima. Mwezi wa pili mwaka huu Mihayo akaja amekonda, shati linampwaya, akaweka jiko jipya katikati ya benchi. "Shikeni, litukaneni." Hakuna aliyenyoosha mkono. Bilali alivuta birika lake karibu. Mihayo akamtazama Ndalahwa, na Ndalahwa akatazama barabarani. Uongo wake mwenyewe hakuuamini. Aliogopa kuchekwa tu. Mihayo akabeba jiko lake, akaondoka bila kunywa kahawa, na hakurudi tena. Tangu siku hiyo Ndalahwa alikuwa akijiambia kwamba kesho atamfuata amwombe radhi.

— Tena niwape ya ndani, Redio alishusha sauti. Hajafa. Matajiri wa namna ile hawafi. Kesho wanazika mgomba.

— Redio, nyamaza, alisema Ndalahwa.

— Ninyamaze kwani nimeua? Jenezani mgomba, mwenyewe yuko...

— Shikamooni.

Mwanamke kijana alikuwa amesimama nyuma yao, kitenge cheusi kiunoni, daftari mkononi. Bilali alimtambua: Sabina, binti mkubwa wa marehemu.

— Marahaba, mwanangu. Pole sana.

— Ahsante, tumeshapoa. Baba aliiandika mwenyewe ratiba ya mazishi, akiwa hospitali. Wasifu wake kaumaliza wote: kuzaliwa, ufundi, kiwanda. Pamebaki mstari mmoja. Ameandika, "Neno la rafiki, wa kijiweni Buzuruga." Jina hakuweka. Ni nani kati yenu?

Redio alianza kupekua simu yake. Bilali alikisuuza kikombe kilichokuwa safi. Ndalahwa alifungua mdomo aseme ni mimi, maneno mawili tu, kisha akainamia kahawa yake iliyopoa. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Angesimamaje mbele ya jeneza lile?

Sabina aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akalifunga daftari taratibu.

— Nisameheni, wazee wangu. Naona msiba umewashika vibaya kuliko hata sisi. Nitawaandika wote, kesho atakayejaliwa nguvu atasema.

Akapiga goti kidogo kuwaaga.

— Mkimzungumzia, msirembe maneno. Baba alisema mjini hapa kila mtu alimsifia, ni ninyi tu mliokuwa mkimwambia ukweli.