Mama Picha na Tumbo Lisilo na Mtoto

Wasikilizaji wapendwa, wiki hii tumemzika daktari ambaye wengi wenu mlimwita Mama Picha. Kazi yake ilikuwa kupima matumbo ya kina mama kwa ultrasaundi, na aliifanya mpaka kichwa kikajaa mvi.

Tumkumbuke kwa siku moja.

Aliletwa mwanamke, mdomo umepasuka, jicho limefumba, tumbo limetuna kama la mja mzito. Mumewe alikuwa kazini mbali kwa muda mrefu. Aliporudi na kulikuta tumbo lile, hakuuliza. Alimshindilia mateke mpaka majirani wakavunja mlango.

Mama Picha alimpaka jeli, akapitisha kipimo taratibu. Hapakuwa na mtoto. Narudia, wapendwa: hapakuwa na mtoto. Palikuwa na vifuko vya maji vilivyoota kwenye ukuta wa kizazi, uvimbe wa nadra ambao yeye mwenyewe alikuwa ameuona vitabuni tu.

"Dada, huna mimba," alisema. "Ni maji haya. Sioni dalili za saratani, ila lazima tuhakikishe."

"Mwambie yeye, daktari. Mimi nimesema mpaka sauti imekauka."

Papo hapo mume akaingia na nondo. Mama Picha akajitia katikati. Nondo ikashuka, mkono wake wa kulia ukalia kama kuni kavu. Ya pili ikampasua paji la uso. Walinzi walimbwaga yule bwana chini, bado anatukana. Damu ikimwingia machoni, Mama Picha akamwonyesha kioo cha mashine.

"Tazama, shemeji. Huyo mtoto unayemtafuta yuko wapi?"

Akatazama. Akaendelea kukitazama kioo mpaka alipoondolewa.

Alifungwa. Mwanamke alipasuliwa, uvimbe ukatolewa, kizazi kikabaki. Maabara ikathibitisha: haikuwa saratani. Mkono wa Mama Picha haukunyooka tena. Akajifunza kupima kwa kushoto.

Binti yake ametuambia: "Mama hakujifanya shujaa. Alisema siku ile alijikojolea kwa woga. Kilichomuudhi ni watu kumpongeza kwamba ameokoa heshima ya yule dada."

Kwa binti, wajukuu na wote waliofanya naye kazi, poleni sana. Mungu awatie nguvu.

Nasi tuliobaki, hebu tulitafakari jibu alilowapa waliompongeza: "Na ningemkuta mtoto kwenye picha, ndiyo mngemwacha yule dada apigwe nondo?"